Bajaji inavuta kushoto baada ya kubadili tairi moja la nyuma nyumbani: tatizo ni tairi, upepo au breki?

#1 Mwendo_Kobe
Habari wakuu. Nimebadili tairi la nyuma kushoto la bajaji mwenyewe, hapahapa nyumbani. La zamani lilikuwa kipara katikati na ubavu umeanza kupasuka. Jipya ni saizi ileile, 4.00-8, 6PR (kipimo cha uimara wa tairi), na tyubu mpya. La kulia sijaligusa, kashata zake (meno ya tairi) zimebaki kama nusu. Upepo nimepima kwa geji, pande zote sawa.

Sasa nikifika spidi 30 hivi chombo kinavuta kushoto. Si kwa nguvu, lakini ukilegeza mikono hendeli inajipeleka yenyewe. Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Gurudumu halichezi, nati zimekaza, kelele hakuna.

Je, ni lazima matairi ya nyuma yabadilishwe yote mawili kwa mpigo? Na kama kosa si tairi, nianzie wapi?

#2 SilindaMoja
Upepo huo. Geji nyingi hudanganya, hasa zile za kalamu zikishaanguka mara kadhaa. Pima na geji nyingine, asubuhi kabla chombo hakijatembea. Ukipima baada ya safari tairi likiwa la moto unapata namba kubwa kuliko ukweli.

#3 Bwana_Rimu
Mkuu Mwendo_Kobe, kuvuta kushoto kutapata dawa. Mimi nataka kujua kwanza ulifunguaje hilo gurudumu, maana uzi huu utasomwa na wengine watakaotaka kujaribu.

Rimu ya bajaji si kipande kimoja kama ya gari dogo. Ni vipande viwili vya bati vilivyobanwa pamoja kwa bolti, tairi na tyubu zikiwa katikati. Kwa hiyo pale una nati za aina mbili: zinazoshika gurudumu kwenye ngoma ya breki, na zinazounganisha vipande viwili vya rimu. Ukikosea ukalegeza hizi za pili wakati upepo umo ndani, vipande vinaachana kwa nguvu yote ya upepo huo na vitamkuta aliyeinama hapo, usoni au kifuani. Watu wamekufa kwa kosa hilo.

Utaratibu wangu haubadiliki. Upepo unatolewa WOTE, kile kisindano cha ndani ya valvu kinafunguliwa na kuwekwa mfukoni, ndipo spana inaguswa. Kuona tairi limelala hakutoshi, maana tairi gumu la 6PR linaweza kusimama vizuri hata bila upepo, au likalala na bado lina upepo wa kutosha kukuumiza.

#4 Kashata_Nne
Bwana_Rimu, nakubali kuhusu nati za rimu. Lakini ukitoa upepo kwanza chombo kinakaa chini na jeki haiingii. Halafu nati za gurudumu inabidi uzilegeze kidogo likiwa bado chini, la sivyo ukishanyanyua gurudumu linazunguka na spana.

#5 Bwana_Rimu
Halizunguki ukivuta hendibreki, maana hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Nyanyua, weka stendi, vuta hendibreki, toa upepo, halafu legeza. Ukizoea kulegeza nati wakati tairi limejaa, siku moja gizani utashika nati isiyo yake.

#6 Mwendo_Kobe
Asanteni. Nilivyofanya: sehemu tambarare ya zege, matofali mawili mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, gia ya kwanza, hendibreki juu. Jeki nikaiweka chini ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, nikanyanyua, nikatoa upepo, nikafungua. Vipande vya rimu nikavitenganisha nikasugua kutu kwa brashi ya waya, ndani kuna mahali palikuwa pamekula. Tyubu nikaipulizia upepo kidogo tu ijishike umbo ndani ya tairi, ndipo nikafunga vipande. Poda nilipaka. Mshale wa mzunguko nao nimeufuata.

@SilindaMoja nitatafuta geji ya pili.

#7 DerevaMstaafu
Vijana, hapo kwenye kunyanyua ngoja niongeze neno. Gari la magurudumu manne ukinyanyua kona moja bado lina miguu mitatu chini. Chombo cha magurudumu matatu ukinyanyua nyuma kushoto kinabaki na miguu miwili, wa mbele na wa nyuma kulia, na wa tatu ni jeki yako. Jeki ikiteleza hakuna cha kukizuia, kinalala kuelekea kwako. Stendi ya chuma iwekwe chini ya chasis kabla mkono haujaingia popote. Kama stendi hakuna, gogo pana lililokatwa sawasawa. Tofali la saruji lenye matundu hupasuka ghafla, bila hata ufa wa kukuonya. Kuzuia gurudumu lisibiringike sawa, kubebea uzito usithubutu.

Nimeona Mwendo_Kobe umetaja jeki tu, stendi sijaisoma.

#8 Mwendo_Kobe
Shikamoo mzee. Gogo lilikuwepo chini ya chasis, sikuliandika tu.

#9 DerevaMstaafu
Marahaba. Vizuri sana.

#10 MamaUsukani
Mwendo_Kobe, umesema ulivuta hendibreki. Anzia hapohapo. Bajaji yangu ilivuta upande mmoja vilevile baada ya kubadilisha tairi, tukahangaika na upepo na matairi, kumbe kebo ya hendibreki upande mmoja ilikuwa na kutu ndani ya ganda lake. Ukiivuta sana hairudi yote. Shuu (vibao vya breki vinavyobana ngoma kwa ndani) zinabaki zinagusa ngoma kidogo, upande huo unazembea, chombo kinaelekea huko. Endesha dakika kumi bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, shika rimu zote mbili karibu na katikati. Upande wenye joto zaidi ndio wenye ugonjwa. Sogeza mkono polepole, inaweza kukuunguza.

#11 TairiTatu
Mimi nasema ni breki pia. Alipotoa gurudumu shuu zilisogea na aliporudisha hazikukaa sawa.

#12 FundiKimya
Hapana. Kwenye bajaji rimu inatoka peke yake, ngoma inabaki mahali pake na shuu ziko ndani yake. Kubadili tairi hakugusi shuu. Kufungua ile nati kubwa ya katikati yenye pini ya kupinda ni kazi nyingine kabisa na haihitajiki hapa.

Hoja ya MamaUsukani inasimama kwa sababu ni ya kebo.

#13 FizikiaTamu
Naleta hesabu. Tairi la 4.00-8 lina kipenyo cha rimu inchi 8, na likijaa upepo kipenyo cha nje ni kama milimita 410. Mzingo wake unakuwa kama mita 1.29, yaani linazunguka karibu mara 776 kwa kilomita moja. Tuseme la kulia limekula milimita 4 za kashata. Kipenyo kinapungua milimita 8, mzingo unakuwa mita 1.26, mizunguko karibu 792. Tofauti ni mizunguko 15 au 16 kila kilomita, asilimia 2.

Sasa hiyo tofauti ya mizunguko inabebwa na difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti), ndiyo kazi yake. Lakini difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawa kulia na kushoto. Nguvu ileile ya kuzungusha kwenye tairi dogo inatoa msukumo mkubwa zaidi barabarani, kwa sababu umbali kutoka katikati hadi chini ni mfupi. Tairi dogo liko kulia. Kulia kunasukuma zaidi, pua inageukia kushoto. Ndivyo anavyolalamika.

#14 SilindaMoja
Asilimia 2 ikuvute hendeli? Msukumo wa kusafiri spidi 30 wenyewe ni mdogo, asilimia 2 yake hata hutaihisi.

#15 Kashata_Nne
Na mimi nilidhani tairi dogo linabaki nyuma, kwa hiyo chombo kinageukia upande wa tairi dogo. Ingepaswa kuvuta kulia!

#16 FizikiaTamu
@Kashata_Nne hiyo ni kweli kama ekseli ni moja iliyofungwa bila difu. Hapo magurudumu yanazunguka idadi ileile, lenye mzingo mkubwa linaenda mbali zaidi, na chombo kinazunguka kuelekea dogo. Kwenye bajaji difu imo ndani ya gia boksi na shafti mbili zinatoka hapo kwenda kila gurudumu.

@SilindaMoja nakubali ni ndogo. Ila mbele kuna gurudumu moja tu, na hendeli ya bajaji ni nyepesi.

#17 Mzigo_Mzito
Bila difu nimeishi nayo. Chombo changu cha mwanzo cha mizigo, pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, kilikuwa na ekseli isiyo na difu, tairi za 5.00-12. Hapo ukibadili moja tu utajuta. Kona zote kinasukuma mbele kama hakitaki kukata, na matairi yanasuguana na barabara hadi yanatoa nyuzi mapema. Kwa chombo cha namna ile nasema bila kusita: badili yote mawili, saizi moja, kampuni moja, aina moja ya kashata. 5.00-12 ya kampuni hii na ya kampuni ile hazilingani kimo hata zikiwa mpya zote.

Hiki cha sasa kina difu. Nabadili moja moja na sijapata shida.

#18 DerevaMstaafu
FizikiaTamu hesabu yako nzuri, lakini umepima tairi likiwa hewani. Chini ya uzito tairi linakaa, na linakaa kwa kadiri ya upepo na mzigo. Nusu ya umbali huo wa milimita 4 unaweza kumezwa na psi chache tu za upepo. Isitoshe tairi jipya lina ubavu mgumu, la zamani limeshalegea. Na dereva wa bajaji anakaa katikati, lakini abiria hawakai katikati. Mwendo_Kobe, unapoihisi hiyo hali uko peke yako au una watu?

#19 Mwendo_Kobe
Peke yangu na nikiwa na abiria pia. Nikiwa na watu watatu nyuma inapungua kidogo.

#20 SilindaMoja
Inapungua na mzigo? Basi rudi kwangu: upepo.

#21 FizikiaTamu
Au rudi kwangu, kwa sababu mzigo unapunguza tofauti ya kimo 🙂

#22 NjiaMbili
Samahani kuingilia. Mimi nina Can-Am Spyder, ile ya magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Nataka kubadili la nyuma mwenyewe, maelezo yenu ya rimu ya vipande viwili yananihusu?

#23 Bwana_Rimu
Hayakuhusu. Ya kwako nyuma ni 225/50R15, tairi la mfumo wa gari, halina tyubu, rimu ni kipande kimoja, na gurudumu linaendeshwa kwa mkanda. Kuitoa unalegeza ekseli, unasogeza gurudumu mbele ili mkanda ulegee, unautoa, ndipo linashuka. Kazi kubwa ni wakati wa kurudisha: mkanda uwe na mvutano ulioandikwa kwenye kitabu, na gurudumu likae sambamba na chombo, la sivyo mkanda unasogea pembeni na kujila. Kabla ya kulegeza chochote, hesabu na uandike skrubu za kurekebishia zimetokeza kiasi gani kila upande.

Kulitoa tairi kwenye rimu ndiko kunakowashinda wengi nyumbani. Mdomo wa tairi la namna hiyo (ule ukingo wa ndani unaokaa kwenye rimu) umeng'ang'ania rimu kabisa. Mimi ningetoa gurudumu nyumbani nikalipeleka kwenye mashine, nikalirudisha mwenyewe.

#24 NjiaMbili
Nimeelewa, asante sana. Na kubalansi?

#25 Bwana_Rimu
Balansi ni lazima kwa spidi za chombo chako. Tairi jipya likiwa na doa la njano, hapo ndipo pepesi zaidi, lipangie na valvu. Linapunguza risasi za kubandika (vile vipande vya uzito vya kubalansi).

#26 TairiTatu
Kwa nini bajaji waliiwekea rimu ya vipande viwili badala ya ya kawaida? Ingekuwa kipande kimoja hatari yote hiyo isingekuwepo.

#27 DerevaMstaafu
Ni urithi wa Vespa, skuta ya Italia. Piaggio walitoa Vespa mwaka 1946, mhandisi wake Corradino D'Ascanio alikuwa mtu wa ndege, na moja ya mambo aliyoyachukia kwenye pikipiki za wakati ule ni shida ya kubadili tairi. Akaweka gurudumu dogo lililoshikwa upande mmoja kama la ndege, unafungua nati chache linatoka. Mwaka 1948 wakatoa Ape, Vespa yenye magurudumu mawili nyuma. Bajaj, kampuni ya India inayotengeneza bajaji, nao walianza na Vespa kwa leseni ya Piaggio. Kwa hiyo gurudumu unaloshika leo ni ukoo uleule.

Na faida yake ni kubwa kwa mtu wa nyumbani. Tairi la inchi 8 ni gumu na dogo, kulipandisha kwenye rimu ya kipande kimoja kwa vyuma vya mkono ni jasho na tyubu zilizochanika. Rimu ya vipande viwili haihitaji leva hata moja. Ukiheshimu upepo, hakuna gurudumu rahisi kuliko hilo.

#28 TairiTatu
Mzee hapo umenifungua macho.

#29 MamaUsukani
Tunasahau kijana wa watu. Mwendo_Kobe ulishashika rimu?

#30 Mwendo_Kobe
Ndiyo nimerudi sasa hivi. Geji ya pili: kushoto psi 30, kulia 33. Geji yangu ilikuwa inasoma sawa, hiyo ya pili nimeijaribu kwenye gari la jirani ikalingana na yake. Nimesawazisha kwa namba ya kitabu cha chombo. Joto: kushoto kuna joto zaidi, si la kuunguza, lakini tofauti unaihisi bila kubahatisha.

Kuvuta kumepungua. Hakujaisha.

#31 SilindaMoja
Niliwaambia.

#32 MamaUsukani
Nilisema pia. Joto la kushoto hilo.

#33 FundiKimya
Joto la kushoto linaweza kutokana na upepo mdogo pia. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja sana na kupata moto. Usihukumu breki kwa joto ulilolipima kabla ya kusawazisha.

Fanya hivi. Barabara tambarare, spidi 30, shika klachi weka nyutro, acha ijiendee. Kuvuta kukiisha papohapo, chanzo ni msukumo wa injini, nenda na hesabu za FizikiaTamu. Kukiendelea vilevile, ni kitu kinachozuia: breki, upepo, beringi. Kisha nyanyua nyuma, hendibreki chini, nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono kila upande usikilize. Na ujaribu barabara pande zote mbili. Barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yaende pembeni, chombo chochote kitashuka kuelekea ukingo.

#34 Kashata_Nne
Hii ya barabara kuinuka katikati ni hoja. Anayeendesha kushoto mwa barabara atahisi kuvutwa kushoto daima.

#35 Mwendo_Kobe
Lakini barabara ni zilezile nilizopita kabla ya kubadili tairi.

#36 Kashata_Nne
Kweli. Naondoa hoja.

#37 FundiKimya
Usiiondoe. Tairi kipara na tairi lenye kashata nzima hayajibu mteremko wa barabara sawasawa. Inaweza kuwa ilikuwepo na la zamani likaificha.

#38 Mzigo_Mzito
Jambo ambalo halijatajwa: tairi limekaa sawa kwenye rimu? Ubavuni karibu na ukingo wa rimu kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi lote. Umbali wa mstari huo na ukingo wa rimu uwe sawa pande zote, kulia na kushoto mwa tairi. Mahali mstari umezama, mdomo haujapanda. Hapo tairi linakuwa na kibonyeo na chombo kinacheza.

Dawa: toa upepo, paka maji ya sabuni kwenye mdomo wote, jaza tena taratibu. Grisi na oili usipake kamwe, zinaharibu mpira na tairi linateleza kwenye rimu hadi valvu ya tyubu inakatika. Na usilazimishe kwa kupandisha upepo tu. Matairi mengi yameandikwa ubavuni psi ya mwisho ya kupandishia mdomo, mara nyingi 40. Ukifika hapo na haujapanda, simama, toa upepo, anza upya.

#39 Bwana_Rimu
Naunga mkono. Na valvu iangaliwe kama imesimama wima kutoka kwenye tundu. Ikiinama, tyubu imejivuta ndani. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu, iache juu karibu na kifuniko. Tyubu ikianza kuteleza utaiona valvu imeinama kabla haijakatika.

#40 TairiTatu
Je, wakati wa kuunganisha vipande, tyubu kubanwa katikati unaijuaje?

#41 Bwana_Rimu
Ndiyo sababu ya ule upepo kidogo alioutaja Mwendo_Kobe kwenye #6. Tyubu tupu kabisa inalegea na kuangukia pale vipande vinapokutana. Yenye upepo kidogo inajishika ndani ya tairi. Ukiunganisha, kaza nati za rimu kwa kupishana, kidogo kidogo, na kila mara tazama ile nafasi kati ya vipande kama unaona weusi wa mpira. Ukiona, fungua. Vipande vikishakutana chuma kwa chuma pande zote, kaza kwa kipimo cha kitabu, ndipo ujaze. Na unapojaza, gurudumu liwe limelala chini, wewe simama pembeni, usiiname juu yake.

Kutu pia, Mwendo_Kobe. Ulisema mahali pamekula. Pamekula kwa ndani tu, au karibu na matundu ya bolti?

#42 Mwendo_Kobe
Kwa ndani, mbali na matundu. Tundu la karibu liko kama vidole viwili kutoka hapo. Hapo palipokula nimepasugua pakabaki chuma cheupe, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaacha ikakauka.

#43 Bwana_Rimu
Sawa. Ingekuwa karibu na matundu ningekuambia uitupe hiyo rimu leo.

#44 SilindaMoja
Tarehe ya tairi jipya umeiangalia? Ubavuni baada ya herufi DOT mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jipya lililokaa stoo miaka sita si jipya, mpira unakuwa mgumu na haushiki barabara kama unavyotakiwa.

#45 Mwendo_Kobe
Nimeangalia, halina hata mwaka. Mstari wa ubavuni uko sawa kuzunguka lote, valvu imesimama wima.

Jaribio la FundiKimya nimelifanya pia. Nikiweka nyutro kuvuta kunapungua kwa zaidi ya nusu lakini bado kunabaki kidogo. Nilipolinyanyua, gurudumu la kushoto linazunguka huru ila kuna mahali pamoja shuu zinasugua ngoma, shh, halafu linaachia, kila mzunguko.

#46 FizikiaTamu
Zaidi ya nusu imeondoka ulipoweka nyutro. Hiyo ni tofauti ya tairi.

#47 MamaUsukani
Na iliyobaki ni breki. Ngoma haiko mviringo tena, au kebo haijarudi yote. Legeza kirekebishi cha kebo upande wa kushoto, pulizia oili nyepesi ndani ya ganda la kebo, vuta na achia hendibreki mara nyingi, sikiliza tena. Oili isifike kwenye shuu.

#48 FundiKimya
Kusugua mahali pamoja si kebo. Kebo ingesugua mzunguko wote. Mahali pamoja ni ngoma iliyopinda, au rimu haikukaa bapa kwenye ngoma ikaibana vibaya ulipokaza nati. Ulisafisha uso wa ngoma pale rimu inapokaa? Tabaka la kutu au punje moja ya mchanga inatosha.

#49 Mwendo_Kobe
Rimu niliisugua. Uso wa ngoma sikuupitisha brashi.

#50 DerevaMstaafu
Basi kazi ya kwanza ni hiyo. Toa gurudumu, safisha uso wa ngoma hadi ung'ae, rudisha, kaza nati kwa kupishana, sogeza kila moja kidogo kabla ya kurudi ya kwanza. Ukikaza moja hadi mwisho ndipo uende nyingine, rimu inakaa mshazari hata kama hakuna uchafu. Halafu ukishatembea kilomita 50 hivi, zikaze tena zote. Rangi mpya uliyopaka kwenye rimu nayo hukandamizwa na nati zinalegea.

#51 Kashata_Nne
Lakini ngoma iliyobanwa vibaya inafanya chombo kitetemeke, haifanyi kivute.

#52 FundiKimya
Inategemea shuu zinagusa kiasi gani. Kusugua kidogo kila mzunguko ni breki kidogo kila mzunguko.

#53 Mzigo_Mzito
Jamani na bushi (mipira ya kwenye maungio) za mkono wa nyuma? Jeki ilikaa chini ya mkono huohuo wa kushoto. Kama bushi ilikuwa imechoka, kunyanyuliwa kunaweza kuisogeza na gurudumu likatazama pembeni kidogo. Hapo tairi jipya utaliona limeanza kulika ukingo mmoja mapema.

#54 Mwendo_Kobe
Nimesafisha uso wa ngoma na kukaza kama mzee alivyosema. Kusugua kumepungua sana, kumebaki kwa mbali. Kuvuta kwenye nyutro sikuhisi tena leo, ila nikikanyaga mafuta bado kupo kidogo. Bushi nimezitikisa kwa mtaimbo, ya kushoto inacheza kuliko ya kulia.

#55 Mzigo_Mzito
Bushi hiyo.

#56 FizikiaTamu
Nikikanyaga mafuta, anasema. Msukumo.

#57 Mzigo_Mzito
Bushi iliyochoka inasogea lini kama si pale gurudumu linaposukuma? Ukikanyaga mafuta mkono wa kushoto unajisukuma mbele, ukiachia unarudi.

#58 FizikiaTamu
Hapo sina jibu la haraka. Basi tutenganishe. Mwendo_Kobe, hamisha matairi: la kushoto lipeleke kulia, la kulia lilete kushoto, yakiwa kwenye rimu zake hivyohivyo. Mishale ya mzunguko itakuwa kinyume, kwa hiyo ni kwa jaribio fupi barabara kavu, kisha uyarudishe. Kuvuta kukihamia kulia, ni tairi. Kukibaki kushoto, ni bushi.

Kabla ya hapo pima kimo halisi. Mtu akae kwenye kiti cha dereva, chora mstari wa chaki kwenye tairi na chini kwenye zege, sukuma chombo hadi mstari urudi chini, pima umbali kwa futi kamba. Kushoto na kulia. Huo ndio mzingo chini ya uzito, anaoutaka mzee kwenye #18.

#59 DerevaMstaafu
Apime kwa mizunguko mitano, si mmoja, kosa la kusoma futi linagawanyika. Na upepo uhakikiwe kwanza kwa ile geji ya pili.

#60 MamaUsukani
Akimaliza ashike ngoma tena aone joto, sasa upepo ukiwa sawa pande zote.